Hoteli Mbaya Hazifungwi

Iko hoteli moja Nakuru, hatua chache tu kutoka steji, ambayo chai yake ilikuwa na harufu ya sabuni nikiwa darasa la sita na ina harufu ya sabuni hadi leo. Ugali wake una madonge. Nyama yake unaitafuna mpaka unasahau ni ya mnyama gani. Mwezi uliopita nilipita pale saa saba mchana nikakuta watu wamejaa, wengine wanakula wamesimama, sahani mkononi. Hoteli ile haitafungwa. Wajukuu zangu watakuja kuinywa chai hiyo hiyo.

Zilizofungwa ni zile nyingine.

(Nikisema hoteli, msomaji wa Dar es Salaam asinielewe vibaya. Kwetu Kenya hoteli ni mahali pa kula. Ukitaka kitanda, ulizia lojing'i.)

Nimekuwa nikizihesabu kichwani hoteli nilizozipenda ambazo hazipo tena, za Nakuru nilikokulia na za Kisumu ninakofanya kazi, na hesabu hunirudisha pale pale. Hakuna hata moja iliyokufa kwa sababu ya mpishi. Hakuna iliyowahi kukosa wateja kwa kuwa chakula kimeharibika. Kila moja iliuawa na kitu kilichotoka nje ya jikoni, na mara nyingi mwenyewe alikuwa wa mwisho kujua.

Ya kwanza ilikuwa Bondeni. Anayeijua Nakuru anajua Bondeni ni mtaa wa zamani, wa misikiti na nyumba za mabati yenye kutu, ambako watoto walikuwa wanatukanana kwa Kiswahili safi kabla hawajafundishwa ngeli shuleni. Hoteli yenyewe haikuwa na jina. Bango lilikuwepo juu ya mlango, ila jua lilikuwa limekula rangi yote, ikabaki picha ya chupa ya soda na neno KARIBU. Sisi tuliita kwa Mzee. Ukisema "tukutane kwa Mzee," hakuna aliyeuliza mzee yupi.

Mzee aliuza vitu vitatu: chapati, maharagwe na chai. Ijumaa aliongeza pilau, lakini pilau yake, Mungu amrehemu, ilikuwa ya kawaida tu, na naamini mwenyewe alijua. Watu waliila kwa heshima. Maharagwe ndiyo yaliyowatoa watu Section 58, Flamingo na Kaptembwo mpaka Bondeni. Yalikuwa mazito, mekundu iliyokoza, mchuzi wake ukishika chapati hauachii. Ndani hukuona nyanya wala kitunguu. Kila kitu kilikuwa kimeyeyuka na kuwa kitu kimoja. Ukimaliza unapangusa sahani kwa kipande cha mwisho cha chapati, na anayeosha vyombo anakushukuru.

Chai aliipika kwa maji ya mvua. Nyuma ya jikoni kulikuwa na mapipa mawili yaliyokinga maji kutoka kwenye paa, na mapipa yakikauka mwezi wa pili, Mzee alikuwa anaomba radhi kwa kila kikombe. Maji ya visima vya kwetu yana floridi nyingi, ndiyo maana wengi wetu tuliokulia Nakuru tukicheka mbele ya wageni tunaonyesha meno ya rangi ya kahawia. Mzee hakujua habari za floridi. Alisema tu kwamba maji ya ardhini yana chumvi ya Menengai, na majani ya chai hayapendi kugombana na mlima.

Kulikuwa na weita mmoja, mwembamba, sauti kama ya kondakta. Alikuwa hachukui oda kwa karatasi. Anasimama mlangoni mwa jikoni, anapaza sauti: "Chapo mbili madondo! Chai moja sukari mbali!" Sahani zikitoka anauliza ukumbi mzima:

"Nani maharagwe?"

"Mimi!"

"Nani chai?"

"Mimi ni chai na huyu ni chapati moja!"

Watu wazima, walimu, makarani wa manispaa, dereva wa lori la viazi kutoka Molo, wote wanakubali hadharani kuwa wao ni maharagwe. Nilikuwa mtoto, na nilidhani ndivyo watu wanavyojitambulisha duniani.

Ukutani palikuwa na kibao: LEO PESA, KESHO MKOPO. Chini ya kibao hicho hicho alikaa Mzee na daftari lake la madeni, la mistari, limefungwa kwa mpira wa tairi. Baba alikuwa na ukurasa wake mle. Mwisho wa mwezi nilitumwa na noti, Mzee ananyosha mstari mwekundu kwa rula, halafu ananipa andazi ambalo sijui lilitoka wapi maana hakuuza maandazi. Nadhani alikuwa ananunua kwa jirani ili apate cha kuwapa watoto wanaoleta pesa. Biashara gani hiyo? Lakini hakuna mtoto mtaani aliyewahi kuitumia noti ile kununua peremende njiani.

Siku moja, nikiwa kidato cha tatu na nikijiona mtafiti, nilimuuliza siri ya maharagwe. Alinitazama kama nimemuuliza siri ya kupumua.

"Mjukuu wangu," alisema, "maharagwe hayapikwi. Yanasahauliwa."

Alikuwa anamaanisha hasa alichosema. Sufuria lake, kubwa kiasi cha kumwogeshea mtoto wa nasari, lilipanda jikoni baada ya sala ya isha. Yakichemka mara moja, makaa yalifunikwa kwa majivu, watu wakaenda kulala. Moto haukuonekana wala haukuzimika. Alfajiri, akitoka msikitini, alikuta yameiva bila mtu kuyasumbua. Ndipo alipotia chumvi. Kabla ya hapo, alisema, chumvi inayafanya yawe na kiburi.

Sasa angalia kilichomwua. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, mwanzo kwa miezi mitatu, kisha ikaongezwa na kuongezwa. Sina ugomvi na uamuzi wenyewe. Mito ilikuwa inakauka, na msitu wa Mau tuliuona ukinyolewa mbele ya macho yetu. Lakini makaa yakaadimika na bei ya gunia ikapanda wiki baada ya wiki. Hoteli nyingine za mtaa zilihamia gesi. Wanawe Mzee wakamletea mtungi mkubwa na jiko la vichwa viwili, na kwa wiki mbili hivi alijaribu. Maharagwe yaliiva. Yalikuwa maharagwe mazuri kabisa, ya kuliwa popote. Mzee mwenyewe ndiye aliyekataa.

"Gesi haina majivu," alimwambia mama yangu. "Na ukiisahau inakuua."

Angeweza kuvumilia makaa ya bei ghali, nadhani, lau mwenye kiwanja angekuwa hai. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na warithi wake walitaka ghorofa. Hapo kwa Mzee sasa pana jengo la orofa nne, chini kuna duka la vifuniko vya simu na kibanda cha M-Pesa. Rais alipotangaza mwaka 2023 kuondoa ile marufuku ya miti, Mzee alikuwa hana jiko la kurudisha makaa. Alikuwa hayupo hata yeye.

Alipofunga aliuza vyombo. Watu wa mtaa walikuja kununua si kwa kuhitaji bali kwa kutojua namna nyingine ya kuaga. Mtu alinunua benchi. Mtu alinunua kibao cha LEO PESA, na nasikia amekitundika sebuleni. Mama yangu akanunua sufuria. Nitalirudia sufuria hilo baadaye.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa mitambo pale Eveready, kiwanda kilichotengeneza betri zile nyekundu zenye paka, zilizowasha tochi na redio za nchi nzima. Langoni palikuwa na mama aliyeuza uji na githeri kutoka kwenye ndoo mbili. Hakuwa na meza. Alikuwa na mawe ya kukalia, kila jiwe na mwenyewe. Nilipelekwa pale mara tatu au nne wakati wa likizo, na uji wake wa wimbi, uliochachuka kidogo, sijaonja mwingine kama huo. Mwaka 2014 kampuni ilifunga kiwanda, ikasema betri za bei nafuu kutoka nje zimeizidi nguvu. Magazeti yaliandika kuhusu wafanyakazi, na ilikuwa haki. Mama wa ndoo mbili hakuandikwa kwa sababu hakuwa mfanyakazi wa mtu. Alikuja wiki nzima baada ya lango kufungwa, mjomba anasema, akauza kwa walinzi. Kisha hakuja.

Kuna moja ya Nakuru ambayo naisema kwa ufupi. Ilikuwa karibu na soko, ya samaki, na mwenyewe alikuwa mama kutoka Nyanza ambaye sisi tulimwita Mama Samaki mbele yake na hakuona ubaya. Mwisho wa Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, Nakuru iliwaka. Alipanda lori pamoja na watoto na mtungi wa maji, basi. Hoteli yenyewe haikuchomwa. Ilibaki na kufuli lake kwa miezi, mpaka mtu akalikata. Birika la mama yangu lilikuwa ndani, alikuwa amemwazima. Halikurudi, na nyumbani hakuna aliyewahi kuliulizia.

Nilihamia Kisumu mwaka 2011 kwa ajili ya kazi. Siku ya kwanza wenzangu ofisini waliniuliza swali moja tu: unakula samaki? Nikasema ndiyo. Wakaniambia wacha kwanza tuone, wakanipeleka Lwang'ni.

Ambaye hakuwahi kufika, hebu nimweleze. Ulishuka kutoka mjini kuelekea ziwani, ukavuka reli, na pale ukingoni, kwenye ardhi ya reli, palikuwa na safu ya vibanda vya mabati vilivyoshikana mabega. Moshi juu, maji nyuma, magari yanaoshwa huku magurudumu yakiwa ndani ya ziwa. Kila kibanda kilikuwa na meza ya mbele yenye samaki waliokwisha kukaangwa mara ya kwanza, wamepangwa kwa ukubwa, na nyuma ya meza mama mwenye kisu anayekuita kana kwamba mlipotezana jana. "Nyathina, kuja hapa! Mtoto wangu, huyu ni wako!" Huyo "wako" alikuwa ngege mzima, mkia umepinda kwa mafuta ya moto.

Jina lenyewe, Lwang'ni, kwa Kijaluo ni inzi. Hakuna mwenye biashara ambaye angechagua jina kama hilo. Walichagua wateja, na walisema kweli. Inzi walikuwepo. Ulikula kwa mkono mmoja, wa pili unapunga.

Utaratibu ulikuwa huu. Unachagua samaki kwa kumwonyesha kidole, mnapatana bei, na hapo usione haya, maana mama yule atakudharau usipopunguza hata shilingi ishirini. Anauliza: kavu au ya mchuzi? Ukisema ya mchuzi, samaki anarudi kwenye karai pamoja na nyanya, vitunguu, dhania na pilipili kidogo, anachemka mpaka mchuzi unaingia kwenye mikato iliyopigwa ubavuni. Msichana anakuja na jagi la maji ya uvuguvugu na beseni, unanawa huku umeketi. Ugali unafika kwanza, mlima wenye mvuke, pamoja na mboga ya osuga, chungu kidogo. Uma haukuwepo, na nilimwona mgeni mmoja akiuomba. Aliletewa beseni la kunawa kwa mara ya pili.

Mtu wa Nakuru hajui kula samaki. Hilo nililijua siku hiyo. Nilikula minofu ya juu, nikaacha kichwa, nikasukuma sahani. Meza yote ikanyamaza. Mwenzangu mmoja, mtu wa Seme, akaivuta sahani yangu bila kuniomba, akakipasua kichwa kwa vidole viwili, akanionyesha vyumba vyake kimoja kimoja kama fundi anayefungua injini: shavu, nyuma ya jicho, kile kipande laini kilicho chini ya taya. "Hii ndiyo samaki," alisema. "Hiyo uliyokula ni ya watoto." Ilinichukua karibu mwaka kujifunza, na mpaka leo mke wangu, ambaye kwao ni Nyakach, husema namaliza samaki kama mtu anayerudia mtihani.

Nikiri jambo. Mara zote nilipokwenda Lwang'ni katika miezi ile ya mwanzo nilikuwa natazama nyuso za akina mama. Nilikuwa namtafuta Mama Samaki. Sikumwona, na sijui ningemwambia nini. Pengine ningedai birika.

Bandari ya Kisumu ilipoanza kufufuliwa, vibanda vya Lwang'ni vikabomolewa. Ardhi ni ya reli, hilo lilijulikana tangu awali. Notisi zilikuwa zimekuja na kupita miaka mingi mpaka zikawa kama utabiri wa mvua. Siku iliyofika kweli, watu walikuwa wamezoea kutoiamini. Nilipita jioni, nikaona mabati yamekunjwa kama karatasi na bibi mmoja anakusanya karai zake. Karai hazivunjiki. Alikuwa nazo tano, anazipanga moja ndani ya nyingine.

Nitasema haki ya upande wa pili, maana nami nilikuwa nakula pale na macho ninayo. Maji machafu yalikuwa yanaingia ziwani moja kwa moja. Mafuta ya magari pia. Ziwa linasongwa na magugumaji, na vibanda havikusaidia kitu. Mji uliotaka kupokea wageni wa mkutano wa Africities mwezi Mei 2022 ulitaka ufuo unaopigika picha. Leo kuna njia ya kutembelea, kuna taa, watoto wanaendesha baiskeli, na mimi wangu wamo. Ninachouliza ni kidogo: hivi bomba la majitaka na choo vingegharimu zaidi ya tingatinga?

Samaki bado wapo, usinielewe vibaya. Kule ufuo wa Dunga wapo, na baadhi ya akina mama wa zamani walitawanyika wakaanza upya kwingine. Lakini Lwang'ni ilikuwa jirani na mji. Karani mwenye saa moja ya chakula cha mchana alishuka kwa miguu, akala, akanawa, akarudi mezani kwake akinuka samaki, na ofisi nzima ilijua alikokuwa. Kufika Dunga ni bodaboda kwenda na kurudi. Karani huyo siku hizi anakula chipsi.

Ya mwisho ni ya Mhindi. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, na familia nyingi za Wahindi wa Kisumu zinahesabu kuanzia hapo. Huyu naye alisema babu yake alikuja nayo, ingawa hakusema kama alikuja akiijenga au akiwa na tiketi. Alikuwa na duka jembamba katikati ya mji, meza sita, bhajia za viazi, sambusa za ndengu, na chai ya masala kwenye glasi zinazounguza vidole. Asubuhi palikuwa kama makaburini. Hoteli ile ilikuwa ya saa kumi na moja jioni: watu wanatoka kazini, hawajataka kwenda nyumbani, wanapitia dakika ishirini. Pale ndipo nilipomwambia mke wangu, akiwa hajawa mke wangu, kwamba nimepata nyumba Migosi yenye vyumba viwili. Alichovya bhajia kwenye chatne ya ukwaju, akaniuliza chumba cha pili ni cha nani. Yalikuwa mazungumzo yote ya uchumba wetu.

Machi 27, 2020 kafyu ilianza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mikahawa iliporuhusiwa tena mwishoni mwa Aprili, iliambiwa ifunge saa kumi jioni. Mzee wa Kihindi alifungua. Alinunua kipima joto, akaweka ndoo ya maji mlangoni, akaondoa meza tatu. Kisha kila siku, saa moja kabla ya wateja wake kuja, alifunga mlango kama alivyoagizwa. Saa za kufunga zilipokuja kusogezwa mbele, alikuwa ameshachoka. Kafyu ilipoondolewa Oktoba 2021, mlango ulikuwa na rangi mpya na mpangaji mpya anayeuza mitumba ya viatu.

Sasa lile sufuria.

Nyumbani kwetu Nakuru tumebaki watatu wa kula, na sufuria ni la watu sitini. Halikai kwenye jiko lolote tulilo nalo. Mama aliliweka nyuma ya nyumba, likawa la kukinga maji ya mvua, kuku wakanywa humo, paka akazaa pembeni yake. Majirani waliliazima kwa matanga, likarudi na mikwaruzo mipya. Desemba iliyopita dada yangu mdogo aliolewa, na usiku wa kuamkia harusi mama akasema maharagwe ya wageni yapikwe ndani ya sufuria la Mzee, na yapikwe kwa makaa, na asiyapindue mtu. Tulitafuta mawe matatu makubwa. Tukachemsha mara moja, tukafunika makaa kwa majivu, tukaenda kulala. Au tuseme tulilala wengine. Mimi nilitoka mara mbili kuyatazama.

Alfajiri shangazi alifunua. Yalikuwa yameiva. Chini yalikuwa yameshika kidogo, na chumvi mtu alikuwa ameitia mapema. Binamu yangu, aliyekulia Bondeni pamoja nami, alibeba sahani nne mikononi akasimama katikati ya hema akapaza sauti, "Nani maharagwe?" Vijana wakamwangalia tu. Wazee kama saba hivi wakainua mikono.

Yalikuwa maharagwe ya kawaida. Tuliyamaliza.